Nyumba Kiseke, mwenyewe Minnesota

Marekani ukinunua nyumba kwenye eneo lenye chama cha wenye nyumba, huulizwi kama unataka kujiunga. Ada inakuja tu, rangi ya mlango ina kanuni zake, na katika majimbo mengi ukiacha kulipa chama kinaweza kudai hadi nyumba ipigwe mnada. Mwanza si hivyo. Umoja wa wenye nyumba wa Kiseke au Nyegezi hauna ubavu wa kukuuzia nyumba. Nguvu yake ni watu kujuana, na wewe uliye mbali ndiye mwenye shida ya kujulikana kuliko wote.

Mimi nilifundishwa na ukuta. Nilipomaliza kujenga Kiseke, ada ya mlinzi nilikuwa natuma nikikumbuka. Mvua za Aprili zikashuka na mawe kutoka mlimani, mtaro ukaziba, maji yakahamia kwangu na kulaza uzio. Habari nilizipata baada ya wiki tatu, tena kwa mpangaji aliyetaka kupunguziwa kodi. Nikampigia jirani kuuliza mbona kimya. "Baba Neema, tulipiga namba yako ya zamani," akasema kwa upole. "Na siku ya kuzibua mtaro, kwenu hakuja mtu." Sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo kabla ya ada, tafuta mtu wako. Awe ndugu au rafiki anayeishi karibu. Mtambulishe kwa viongozi wa umoja na kwa mwenyekiti wa mtaa, namba yake iandikwe. Mpe na fungu la misiba. Wengi wetu tukishalipa ulinzi na barabara tunaona tumemaliza, kumbe majirani wanakupima msibani. Mtu wako akionekana akipanga viti, usiku geti lako likigongwa watu watatoka.

Faida nyingine ni sauti. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu 2017, maji ni MWAUWASA, umeme TANESCO. Barua ya mtu mmoja aliye ng'ambo ni rahisi kusahaulika mezani. Ya kaya arobaini, yenye muhuri wa serikali ya mtaa, itaulizwa kila wiki na mtu aliyesimama mlangoni. Ujue tu halmashauri yako: Nyegezi, Mkolani na Buhongwa ni Jiji la Mwanza, Kiseke, Buswelu na Bwiru ni Manispaa ya Ilemela. Usipoijua, likizo ya wiki tatu huishia kwenye foleni ya ofisi isiyo yako.

Fedha sasa. Usitume kwa namba ya mtu kwa sababu tu ni kiongozi wa grupu la WhatsApp. Umoja makini una katiba, mihtasari, na akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Dai risiti na picha ya kalavati likiwa limeshawekwa, nyuma kuwe na nyumba unayoifahamu. Kuna mhazini aliwahi kututumia picha ya lori la moramu mara mbili, kwa tofauti ya miezi minne, na kuku yule yule akivuka barabara.

Ila usiupe umoja kazi isiyo yake. Ukinunua kiwanja, upekuzi, yaani kuhakiki mmiliki ni nani, unafanyika ofisi ya ardhi, hata majirani wakisema hakina shida. Na ukitamani ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Hapo umoja hautakuokoa. Waulize majirani yale yasiyo kwenye hati: maji ya Aprili yanapita wapi, jiwe lipi limeanza kusogea.

Mikutano yetu ni Jumapili saa kumi jioni, yaani saa mbili asubuhi Minneapolis wakati wa kiangazi, saa moja wakati wa baridi. Binamu yangu huegemeza simu juu ya jiwe katikati ya watu. Kwa upepo ule wa ziwani nasikia nusu tu ya maneno, lakini hawaanzi ajenda kabla hawajanisalimia.