Masika bila wageni: kukiweka tayari chombo cha watalii

Pwani ya Unguja wageni hukatika masika yakianza. Hoteli nyingi hufunga Aprili na Mei, safari za kisiwa cha Mnemba husimama, na kwa kuwa jiko la hoteli halinunui, hata bei ya pweza hushuka pwani. Mwenye chombo cha mbao cha baharini ana kazi mbili: kula bila kukopa, na kukarabati kabla ya watu kurudi mwishoni mwa Juni.

Akiba ya kula huanza Desemba. Nyumba inayotumia shilingi 600,000 kwa mwezi inahitaji 1,500,000 kwa miezi miwili na nusu. Ukipata siku 100 za safari katika msimu, ni 15,000 kila siku, zitolewe kabla ya kugawana na mabaharia. Fedha ya mbao na ya pamba ya kuzibia maungio iwe kando. Wengi huichanganya na ya chakula, na Mei chombo hukosa hata misumari.

Pandisha chombo kwenye bamvu, yaani maji yakijaa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, au siku moja mbili baadaye. Kitie magadi, miti ya kukiegemeza, pande zote mbili na utoe nguruzi, kizibo cha tundu la chini, maana maji ya mvua yakituama ndani huozesha mbao upesi kuliko ya chumvi. Bamvu linalofuata liko kama siku 14 mbele. Kazi isipokwisha, unangoja jingine, na jua la kati ya mvua linaendelea kukausha mbao na kuachanisha maungio. Kifunike kwa makuti au turubai, upepo upite chini.

Kwaruza chaza na majani ya bahari, kisha choma chini kwa makuti makavu, moto upite haraka, kuua wadudu wanaotoboa mbao. Fanya hivi kabla ya kalafati, yaani kuziba maungio kwa pamba, kwani pamba yenye mafuta hushika moto. Toa pamba iliyooza, sokota mpya, ichovye mafuta ya nazi, uipige kwa chembeu (patasi ya kalafati) na nyundo mpaka nyundo irudi. Ukipiga kwa nguvu mno unaachanisha mbao na kuleta uvujaji wa pili. Wanaoharakisha hupachika pamba mpya juu ya mbovu. Hiyo hutoka safari ya kwanza yenye mawimbi ya kusi.

Mwisho deheni, mpako wa chini ya chombo: yeyusha shahamu (mafuta ya mnyama), changanya na chokaa iliyochekechwa mpaka iwe nzito ya kupakika kwa mkono. Paka ingali vuguvugu, juu ya mbao kavu. Juu ya mbao iliyoloa hubanduka, kwa hiyo subiri mvua ipumzike. Vaa glavu, chokaa hula ngozi.

Mashine isiachwe nyuma ya chombo. Ikalishe kwenye pipa la maji baridi, yasiyo ya chumvi, yaliyofunika matundu ya kunyonyea, iendeshe dakika 10 bila gia, kisha chomoa mpira wa petroli imalize iliyomo kwenye kabureta. Petroli iliyokaa huacha utando unaoziba matundu madogo, na hapo ndipo mashine inakataa kuwaka Julai. Fungua skrubu ya chini ya gia: oili ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia, badilisha sili. Impela, pangaboi la pampu ya maji ya kupoza mashine, ibadilishwe pia, hata ikionekana nzima.

Mabaharia wako wape kazi ya kukwaruza na kusokota pamba kwa posho ya siku. Ukiwaacha bila kitu watatafuta chombo kingine, na Julai utapakia wageni ukiwa na mabaharia wasiojua mlango wa mwamba, njia ya chombo kupita.