Kupima choki na vitu vya omu maelfu kwa NanoVNA

Kigoma na Tabora, paa la sola halikosekani mtaani, na kontrola ya sola au inveta ya bei nafuu humwaga kelele kwenye masafa ya HF (3 hadi 30 MHz). Kelele hizo hutambaa juu ya wavu wa nje wa koaksi (kebo ya antena) hadi kwenye redio. Dawa yake ni choki, kizuizi cha mkondo huo wa nje: ringi ya feraiti kama FT240-43 iliyozungushiwa koaksi nyembamba mizunguko 10 hadi 14. Kuizungusha ni kazi ya dakika 10. Shida ni kujua imetoa omu ngapi, kwa sababu kipimo ambacho wengi hukimbilia hakina uwezo wa kujibu swali hilo.

Kipimo hicho ni cha S11: unafunga choki kwenye CH0, mlango wa kutuma, na kusoma kinachorudi. NanoVNA, kipimo kidogo cha mawimbi ya redio, imejengwa kuzunguka omu 50, na kadiri kitu kinavyokuwa mbali na 50 ndivyo mawimbi yanavyorudi karibu yote. Choki ya omu 5,000 hurudisha 0.980 ya wimbi lililotumwa. Kifaa kikikosea kidogo tu na kusoma 0.990, hesabu inakupa omu 9,950, kikisoma 0.970, unapata 3,283. Kosa la asilimia moja kwenye kusoma limezaa kosa la karibu mara mbili kwenye jibu, na hakuna kalibresheni ya kifaa cha aina hii itakayokuokoa hapo. S11 iachie vitu vya kati ya omu 5 na 500.

Kwa omu maelfu, pitisha mawimbi ndani ya kitu chenyewe: mguu mmoja CH0, mguu wa pili CH1 (mlango wa kupokea), usome S21, yaani kiasi kinachopita. Hesabu ya Z, omu za kitu hicho, ni Z = 100 × (1 − S21) ÷ S21. Ile 100 ni omu 50 za upande wa kutuma ukijumlisha na 50 za upande wa kupokea. Omu 5,000 hapa zinasomeka 0.0196, yaani −34.2 dB, na ukikosea asilimia moja kwenye S21, Z nayo inakosea asilimia moja hivi. Kuna faida nyingine kubwa zaidi. Kapasitansi ya kila mguu kwenda ethi haikusumbui, maana inaangukia upande wa omu 50: 1 pF kwenye 30 MHz ni omu 5,300, na kando ya 50 ni kama haipo. Kinachodhuru ni kapasitansi ya kutoka mguu hadi mguu peke yake. Kazi yote ya kibao cha kupimia ni kuipunguza hiyo.

Kibao chenyewe ni rahisi. Kata bodi ya shaba ya upande mmoja, sentimita 10 kwa 4. Lehemu soketi mbili za SMA (kiunganishi kidogo kama cha NanoVNA), moja kila mwisho, pini za kati zikielekeana, na miili yote miwili ishikwe na shaba ileile bila kukatika. Ethi ikipita kwenye waya mwembamba badala ya shaba pana, utapima na waya huo. Kwenye kila pini weka kipande kifupi cha waya wa kushikia. Ukikosa soketi Mwanga, Kigoma, au sokoni Tabora mjini, agiza Dar. Soketi mbili na kebo mbili fupi za sentimita 15 za kuziunganisha na kifaa zinatosha.

Ongeza atenyueta (vipunguza mawimbi) mbili za 6 dB, moja kila soketi ya kibao, kama unaweza kuzipata. CH1 ya NanoVNA si omu 50 kamili, na atenyueta huisogeza karibu. Usiweke za 10 dB. Chini ya 300 MHz kifaa kina nafasi ya takriban 70 dB kabla ya kuzama kwenye kelele yake. Atenyueta mbili za 10 zinakula 20, choki inakula 34, unabaki na kidogo mno.

Washa kifaa, kiache kipate joto dakika 10, tena kivulini. Usikalibreti chini ya bati asubuhi halafu ukapime saa nane mchana. Weka 1 MHz hadi 30 MHz. Punguza BANDWIDTH kama toleo lako la programu linaruhusu. Kwenye menyu ya kalibresheni fanya RESET, kisha OPEN, SHORT na LOAD mwisho wa atenyueta ya CH0, halafu ISOLN. THRU ifanyie kwenye kibao chenyewe, kwa kipande kifupi cha waya kinachounganisha pini na pini. Hifadhi. Kisha toa waya, acha kibao kitupu, na usome S21: huo ndio uvujaji wako. 0.2 pF kwenye 10 MHz inasomeka −58 dB. Ukiona −45 dB, pini zako zinatazamana kwa karibu mno.

Sasa hatua ambayo hupaswi kuiruka. Weka rezista ya 1 kΩ ya asilimia moja. Inatakiwa kusoma −20.8 dB. Tuseme imesoma −21.2 dB, yaani 0.0871. Basi ile 100 yako si 100: ni 1,000 × 0.0871 ÷ 0.9129 = 95.4. Tumia 95.4 kwenye hesabu zote za siku hiyo. Ukiendelea na 100, choki ya omu 5,000 utaiandika 5,240. Fuatisha na 4.7 kΩ, ikikubaliana na namba mpya, kibao ni cha kuaminika. 10 kΩ nayo ijaribu, lakini isome kwenye 3 MHz. Rezista yenye 0.3 pF ya mwilini mwake hushuka hadi 8.7 kΩ ikifika 30 MHz, na hapo kibao hakina kosa.

Choki ya koaksi inapimwa kwenye wavu wake. Kila mwisho, unganisha wavu na waya wa ndani pamoja, kisha uvipeleke kwenye pini. Anayefunga waya wa ndani kwenye pini na wavu kwenye ethi anapima kebo inavyopitisha, anaona karibu 0 dB, na anaitupa choki nzuri. Miguu ikiwa mirefu kidogo haidhuru kwenye HF: milimita 20 ni kama omu 4 kwenye 30 MHz. Kinachodhuru ni miguu kulala sambamba karibu karibu. Itoe pande mbili tofauti za ringi.

Inua ringi sentimita 5 juu ya shaba kwa kipande cha mbao kavu au sponji, juu ya meza ya mbao, si ya chuma. Meza ya mninga inafaa sana. Weka maka (alama ya kusomea kwenye skrini) kwenye 14 MHz, sogeza kiganja taratibu kuelekea ringi bila kugusa, na uangalie namba. Ikianza kutembea kiganja kikiwa bado mbali, kuna kitu kingine cha chuma kinachoivuta vivyo hivyo; kitafute kwanza.

Usiishie kwenye ukubwa wa Z. NanoVNA Saver, programu ya kompyuta ya kifaa hiki, ina chati za S21 za aina ya series, zinazotenganisha R (sehemu inayokula nguvu) na X (sehemu ya koili au kapasita) kwa kutumia 100, kwa hiyo zidisha majibu yake kwa 95.4 ÷ 100. R ndiyo unayoitafuta. Omu 3,000 za X tupu zinaweza kufutwa na X ya kinyume iliyopo kwenye waya wa antena, na choki ikawa kama haipo. Omu 3,000 za R hazifutiki.

Kapasita ndogo na trapu (saketi ya antena inayozuia masafa fulani tu) zinataka uangalifu zaidi. Kapasita ya 2.2 pF kwenye 10 MHz ni omu 7,230, na ile 0.2 pF ya kibao kitupu ni asilimia 9 yake. Geuza vipimo vyote viwili kuwa 1 ÷ Z, toa cha kibao kitupu, kisha geuza tena. Kwa trapu, nukta 101 kati ya 1 na 30 MHz zimepishana 290 kHz, na kilele chembamba kinaweza kukaa katikati bila kuonekana. Bana masafa hadi 1 MHz kuzunguka kilele, na ukalibreti upya.

Ukimaliza, funga kikaratasi kwenye choki: aina ya ringi, mizunguko, na R kwenye 3.5, 7, 14 na 28 MHz.