Pima mkono wako kabla ya kuanza sweta

Maelekezo ya kufuma yakisema vitanzi 22 kwa sentimita 10, huo ni mkono wa aliyeyaandika, yaani jinsi anavyokaza uzi. Wako huenda unakaza uzi zaidi, au unaulegeza. Piga hesabu uone: sweta ya mzunguko wa sentimita 100 itataka vitanzi 220. Kama mkono wako unatoa vitanzi 20 kwa sentimita 10, vitanzi hivyohivyo 220 vitafika sentimita 110, na kuinyoosha kwa pasi hakutaipunguza.

Kwa hiyo fuma kwanza kipande cha kupimia, kwa uzi uleule, sindano zilezile na mtindo uleule wa sweta. Anzisha vitanzi 32, si 22, kwa kuwa vya pembeni hujikunja na kuvutika, havipimiki. Kikifika urefu wa sentimita 14 hivi, funga vitanzi.

Sasa kioshe. Hapa ndipo wengi huruka, na ndipo sweta nyingi huharibikia, kwani uzi wa sufu hulegea na kutulia ukishalowa. Kiloweke dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu, kibonyeze ndani ya taulo bila kukisokota, kisha ukilaze bila kukivuta mpaka kikauke kabisa. Uzi wa pamba hurefuka kwa uzito wake, basi kikikauka kining'inize kwanza kwa vibanio vichache.

Kilaze mezani, chomeka pini mbili katikati zikiachana sentimita 10, hesabu vitanzi vilivyo kati yake. Tumia rula, maana utepe wa kupimia ukichakaa huongopa. Nusu kitanzi nayo ihesabu: kwenye sentimita 100 itakuwa vitanzi 5, yaani zaidi ya sentimita 2. Rudia sehemu tatu, chukua wastani.

Vikiwa pungufu ya vya maelekezo, shuka kwenye sindano nyembamba zaidi kwa nusu milimita. Vikizidi, panda kwa kiasi hichohicho, halafu fuma kipande kingine. Usijilazimishe kukaza uzi: baada ya safu kadhaa mkono hurudia mazoea yake.

Idadi ya safu isipolingana, si tatizo kubwa pale maelekezo yanapotaja urefu kwa sentimita. Iangalie sana pale ambapo mabega au mikono hupunguzwa kwa kuhesabu safu.

Na kama sweta itafumwa kwa mzunguko, yaani bila kugeuza kazi kila mwisho wa safu, kipande nacho kifumwe kwa mzunguko. Wafumaji wengi hulegeza uzi kwenye safu za kurudi, na kwenye mzunguko safu hizo hazipo.