Chanzo, swali, msimamizi, pesa: namna ya kuomba uzamili na uzamivu katika idara ya insia

Maombi mengi yanayotumwa katika idara za insia, yaani fasihi, historia, isimu, falsafa na taaluma za dini, hukwama mahali pamoja: mwombaji ana mada lakini hana swali. "Magazeti na siasa" ni mada, tena pana kiasi cha kumaliza maisha ya watafiti kumi. Swali la utafiti ni jambo ambalo jibu lake hulijui bado, na ambalo kuna kitu mahali fulani (hati, barua, matini, rekodi za sauti) kinachoweza kukujibu. Ukikipata kitu hicho mapema, msimamizi na ufadhili hutafutika. Usipokipata, hata andiko (maelezo ya utafiti unaopanga kufanya) lenye lugha tamu huanguka kwenye swali la kwanza la kamati: utasoma nini hasa?

Pima chanzo kabla ya kuchagua chuo

Chukua mada yako uifinye kwa wakati, mahali na aina ya matini. "Magazeti na siasa" inaweza kuwa barua za wasomaji katika gazeti moja kwa kipindi cha miaka mitano: nani waliandika, na mhariri alizipa nafasi hoja zipi? Kisha jiulize maswali manne. Nyaraka ziko wapi? Nani hutoa ruhusa ya kuzisoma? Zimeandikwa kwa lugha na mwandiko gani? Ni nyingi kiasi gani?

Swali la nne ndilo hupuuzwa zaidi, na ndilo huchelewesha tasnifu. Piga hesabu. Ikiwa kuna majalada 60 yenye kurasa 200 kila moja, hizo ni kurasa 12,000. Ukisoma kurasa 40 za mwandiko wa mkono kwa siku, unahitaji siku 300 za kazi, na hifadhi nyingi za nyaraka hufungwa wikendi na sikukuu. Lazima uchague sampuli, na sababu ya kuchagua majalada haya ukaacha yale iandikwe tangu mwanzo. Mahojiano nayo yana hesabu yake. Saa moja ya sauti huchukua takribani saa nne hadi sita kuiandika, na zaidi kama unahitaji kuonyesha matamshi. Mahojiano 30 ya saa moja na nusu ni saa 45 za sauti, yaani kati ya saa 180 na 270 za kunukuu kabla hujachambua neno.

Ukiwa mbali na maktaba kubwa, fungua akaunti ya bure ya JSTOR, hazina ya mtandaoni ya makala za kitaaluma, ambayo huruhusu kusoma makala hadi 100 mtandaoni kwa kila siku 30. Programu ya Endangered Archives ya British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2004, imepiga picha nyaraka zilizo hatarini kutoka nchi nyingi na kuziweka mtandaoni. Pia hutoa ruzuku kwa wanaotaka kuhifadhi mkusanyo mwingine, nafasi ambayo wanafunzi wengi wa historia hawaifikirii.

Kumwandikia msimamizi

Soma kwanza makala mbili za karibuni za mtu unayemlenga, kisha andika baruapepe isiyozidi maneno 250. Sentensi mbili za kwanza zibebe swali lako na chanzo chako. Inayofuata ioneshe panapogusana kazi yake na yako, kwa hoja mahususi. Sifa za jumla haziongezi kitu. Kisha eleza shahada uliyonayo, na umalizie kwa ombi linalojibika: je, anapokea wanafunzi mwaka huo, na je, yuko tayari kutazama andiko la kurasa mbili? Ambatisha faili moja tu. Barua inayoanza na kuomba pesa, au ile ambayo jina la profesa lingeweza kubadilishwa bila kitu kingine kuguswa, haijibiwi. Wiki tatu zikipita kimya, kumbusha mara moja, halafu endelea na mwingine. Uliza pia kama anakaribia kustaafu au kwenda likizo ya utafiti. Si utovu wa adabu. Kubadilisha msimamizi katikati ya uzamivu kunaumiza sana.

Uzito wa barua hiyo hutegemea mfumo. Ujerumani, kwa uzamivu wa kawaida, usio ndani ya programu ya pamoja ya wanafunzi wa uzamivu, huwezi kusajiliwa bila profesa aliyekubali kukusimamia. Uingereza, idara nyingi hutaka utaje msimamizi kwenye fomu. Marekani, kamati ya idara ndiyo huamua, kwa hiyo profesa anaweza kukupa moyo lakini kwa kawaida hawezi kukuahidi nafasi.

Andiko la utafiti

Urefu wa kawaida ni maneno 1,000 hadi 2,000. Fuata kiwango cha chuo bila kuzidisha. Kwa maneno 1,500, mgawanyo unaofanya kazi ni huu: swali na uzito wake 250, tafiti tangulizi 400, vyanzo na mbinu 450, mpango wa sura na ratiba 250, na mchango wa utafiti 150. Vyanzo na mbinu vimepewa nafasi kubwa kwa makusudi. "Nitatumia mbinu ya maktabani" haisemi chochote. Taja mkusanyo, kipindi, idadi ya matini, na hatua utakazopitia kutoka kwenye matini hadi kwenye hoja.

Katika tafiti tangulizi, usipange waandishi kama orodha ya mahudhurio. Wapange kwa mjadala: hawa wanasema hivi, wale wanawapinga, na swali lako linaingia hapa. Usitegemee hoja ya "hakuna aliyewahi kutafiti", kwa sababu mara nyingi si kweli, na hata ikiwa kweli haioneshi kwa nini mtu atafiti. Nadharia nayo itajwe pale tu inapobadilisha namna utakavyosoma data. Nadharia iliyobandikwa ili andiko lionekane zito huonekana mara moja, na wanaokuhoji huishambulia kwanza.

Vyuo vya Marekani huomba pia sampuli ya maandishi yako, mara nyingi kurasa 15 hadi 25. Toa sura yenye uchambuzi mzito, si utangulizi wa tasnifu ya uzamili, na uweke aya fupi mwanzoni inayoeleza imetoka wapi. Kwa barua za mapendekezo, chagua waliosoma kazi yako kwa kina badala ya wenye vyeo, waombe wiki sita kabla, na uwape andiko, wasifu wako na tarehe zote kwenye ukurasa mmoja.

Pesa na kalenda

Anza miezi 12 hadi 18 kabla ya masomo. Kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba Marekani, maombi mengi ya uzamivu hufungwa Desemba na Januari, na vyuo vilivyosaini makubaliano ya Council of Graduate Schools, umoja wa vyuo vinavyotoa shahada za juu, havikulazimishi kujibu ofa ya ufadhili kabla ya Aprili 15. Programu nyingi za Erasmus Mundus, ambazo ni za uzamili na hufadhiliwa na Umoja wa Ulaya, hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Kumbuka kuwa uzamivu wa Marekani mara nyingi huja na msamaha wa ada na posho ya kufundisha kwa takribani miaka mitano, lakini uzamili wa insia huko mara nyingi hutegemea mfuko wako. Hivyo mwenye andiko imara anaweza kuomba uzamivu moja kwa moja pale chuo kinaporuhusu.

Kama utahoji watu, kibali cha kamati ya maadili na kibali cha utafiti cha nchi husika vinaweza kuchukua miezi. Viombe kabla ya kukata tiketi.

Ofa ikifika

Uliza kwa maandishi: posho ni ya miezi 9 au 12? Bima ya afya imo? Utafundisha saa ngapi kwa wiki, na kuanzia mwaka wa ngapi? Ipo ruzuku ya kusafiri kwenda kwenye nyaraka na makongamano? Kisha omba kuunganishwa na wanafunzi wawili wa msimamizi huyo, mmoja akiwa anakaribia kumaliza. Waulize sura ikiwasilishwa hurudi na maoni baada ya muda gani, na waliomaliza karibuni walichukua miaka mingapi.