Kibali cha Kuhamisha Mifugo: Jinsi ya Kukiomba Unapopeleka Wanyama Sokoni, Kichinjioni au Kwenye Maonyesho

Nchini Kenya, leseni ya biashara uliyolipia kaunti haikuruhusu kupakia hata mbuzi mmoja kwenye pikapu. Inakuruhusu kufanya biashara, basi. Mnyama anapoondoka mahali alipo, anahitaji karatasi yake, na anayeitia sahihi ni daktari wa mifugo wa serikali katika kaunti ndogo aliyomo mnyama huyo siku hiyo. Kibali hicho kinatokana na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364. Juu yake kuna jambo la tatu, uthibitisho kwamba mnyama ni wako, kwa sababu Sheria ya Wizi wa Mifugo na Mazao, Sura ya 355, inampa polisi nafasi ya kukuuliza ulikomtoa.

Tuchukue mfano wa fahali sita wanaonunuliwa soko la Chwele, Bungoma, wapelekwe kichinjio cha Mamboleo, Kisumu. Wakipitia Webuye na Kakamega, watakanyaga kaunti nne: Bungoma, Kakamega, Vihiga na Kisumu.

Anza na unakokwenda

Hapa ndipo wengi hukosea. Hununua kwanza, halafu ndio wanatafuta kibali. Tangu Katiba ya 2010, huduma za mifugo na udhibiti wa magonjwa ya wanyama ni kazi ya kaunti, kwa hiyo daktari wa Bungoma hawezi kuitupia Kisumu ng'ombe bila Kisumu kukubali. Ofisi ya mifugo ya kaunti inayopokea hutoa barua ya kutokuwa na pingamizi, na daktari wa kule unakonunua huisubiri barua hiyo kabla ya kuandika chochote. Peleka maombi ya barua hiyo siku kadhaa kabla ya soko. Taja aina ya wanyama, idadi unayotarajia, wanakotoka, wanakofikia, na wanakwenda kufanyiwa nini.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Ng'ombe wa kuchinjwa ataishi siku moja au mbili Kisumu, lakini wa kufugwa atachanganyika na kundi la mtu kwa miaka. Ndiyo maana fahali wa kichinjio wanaweza kukubaliwa wakati mitamba ya kufuga imekataliwa na ofisi ile ile, wiki ile ile. Usiandike “kuchinjwa” ili upite, kisha ukawauze njiani Chavakali kwa mfugaji. Kibali kina mwisho wake wa safari, na mkaguzi wa nyama atauliza ng'ombe walipotelea wapi.

Ukipeleka maombi hayo, uliza pia kuhusu karantini, huku unakonunua na huko unakokwenda. Karantini huwekwa kwa tangazo na huondolewa kwa tangazo. Kupona kwa ng'ombe wa jirani hakuiondoi. Ikiwa ipo, vibali vya kuuza na kufuga husimama. Panapobaki mwanya ni kwenda moja kwa moja kichinjioni, kwa masharti ya daktari. Ukiwa umeshanunua, ng'ombe watafungwa kwenye boma la mtu, uwalipie majani na mlinzi kila siku, huku kilo zikishuka.

Karatasi za umiliki

Ukinunua sokoni, chukua risiti ya ushuru wa soko na andikiana na muuzaji: jina, nambari ya kitambulisho, simu, bei, tarehe, sahihi za wote wawili. Ukinunua nyumbani kwa mtu, ongeza barua ya chifu au naibu wake inayosema mnyama ametoka boma gani. Dalali si muuzaji. Jina lake likikaa mahali pa mwenye mali, karatasi haina nguvu.

Maelezo ya mnyama ndiyo yanayookoa au kuzamisha. “Fahali mwekundu” ni nusu ya fahali wote wa Chwele. Andika rangi na madoa yalipo, umbo la pembe, chapa, mkato wa sikio, na umri kwa meno: meno mawili ya mbele ya kudumu huota akikaribia miaka 2, na yote manane hutimia kati ya miaka 4 na 5. Kila fahali awe na mstari wake.

Ukaguzi

Daktari hasaini asichokiona. Wanyama wawe mahali wanapoweza kushikwa, kwenye kibanio au wamefungwa vizuri, si wakizurura uwanjani jua likizama. Ataangalia mdomo na kwato kutafuta malengelenge ya ugonjwa wa miguu na midomo, ngozi kutafuta mapele, pua na kifua kutafuta dalili za homa ya mapafu, na atapima joto panapomtia shaka. Ng'ombe mkubwa mzima huwa na takriban nyuzi 38 hadi 39.

Kwa mbuzi na kondoo, ataitafuta sotoka ya wanyama hao wadogo (PPR): makamasi, vidonda vya mdomoni, kuhara. Ukiwa Nakuru tarajia maswali zaidi kuhusu kimeta. Mwaka 2015 ugonjwa huo uliua nyati wengi katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, na mbegu zake hukaa udongoni kwa miongo mingi.

Vyeti vya chanjo vije na wanyama. Kumchanja ng'ombe asubuhi ya safari hakusaidii, kwa kuwa kinga ya ugonjwa wa miguu na midomo huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, na baada ya miezi 6 hivi huhitaji kurudiwa. Wapo wanaolalamika wakikataliwa ng'ombe anayeonekana mzima kabisa. Sababu ipo: ng'ombe aliyepona ugonjwa huo anaweza kubeba virusi kooni hadi miaka 3.

Na wale wanaodunga antibiotiki ili kushusha homa kabla ya ukaguzi, wajue wanajifunga wenyewe. Dawa nyingi za oksitetrasaiklini za muda mrefu zinataka nyama isiliwe kwa siku kama 28, kibandiko cha chupa kinasema, na ng'ombe huyo sasa hafai kichinjio ulichomwandikia.

Kujaza na kulipa

Kibali hubeba jina lako na nambari ya kitambulisho, aina na idadi ya wanyama, maelezo yao, wanakotoka na wanakokwenda, njia, sababu ya safari, nambari ya gari na tarehe. Kabla hujatoka ofisini, soma kila mstari kwa kidole. Kosa la nambari moja ya gari linarekebishwa pale pale kwa dakika moja. Barabarani haliwezi kurekebishwa, na kuandika juu yake kwa kalamu yako ni kughushi hati. Lori likiharibika na ukakodi jingine, piga simu ofisi iliyotoa kibali kabla ya kuhamisha mzigo.

Ada hulipwa kwa nambari ya malipo ya kaunti na risiti hutoka kwa jina la kaunti. Pesa iliyopitia simu ya mtu binafsi haijalipwa, hata kama mtu huyo ameketi nyuma ya meza ya ofisi.

Njiani

Masharti ya kibali huruhusu usafiri wa mchana, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Piga hesabu kinyumenyume. Soko likivunjika alasiri na ukaguzi uwe bado, siku hiyo imekwisha. Panga kulaza wanyama na kupakia alfajiri. Kukimbiza lori usiku ndiko hasa kunakofanya askari amhisi mwizi.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, nayo inakungoja kwenye kizuizi cha barabarani. Mwaga mchanga au majani makavu sakafuni, kwa kuwa bati tupu huteleza na ng'ombe akianguka katikati ya wenzake hainuki tena. Mbuzi watengwe na ng'ombe kwa kizuizi imara. Asifungwe mnyama yeyote shingo chini au miguu minne pamoja.

Idadi ilingane. Kibali cha wanyama sita na lori lenye wanyama saba humaanisha wote wanashikiliwa, si yule mmoja. Mnyama akifa njiani usimchune, usimuuze, usimtupe mtaroni. Ita ofisi ya mifugo iliyo karibu. Ikiwa ni kimeta, kumpasua ndiko kunakosambaza mbegu zake.

Ukifika, kabidhi kibali kwa mkaguzi wa nyama au ofisi ya mifugo ya pale, na ubaki na nakala.

Ukipeleka maonyesho

Anayepeleka ng'ombe wa maziwa au fahali wa mbegu kwenye maonyesho ya Chama cha Kilimo cha Kenya hupitia hatua hizo hizo, pamoja na fomu ya kuingia inayopelekwa tawi husika mapema. Kwa madaraja ya ng'ombe wa nasaba utahitaji cheti cha usajili wa Kenya Stud Book, ambao ofisi zao ziko Nakuru. Kinachosahaulika ni safari ya kurudi. Kibali ulichokuja nacho kinaishia langoni mwa uwanja. Kurudi nyumbani ni safari mpya inayotaka kibali kipya, na mnyama ameshalala siku kadhaa karibu na wageni kutoka kila upande. Mzungumzie daktari wa maonyesho siku ya kwanza, na ukifika nyumbani mtenge na kundi kwa wiki mbili au tatu.

Wasioingia humu

Mbwa wanaouzwa Lubao, Kakamega, wako chini ya kaunti pia, maana Katiba imeipa kaunti leseni za mbwa. Muuzaji awe na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kila mmoja. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi 3, kwa hiyo cheti cha mtoto wa wiki sita kinatia shaka.

Kanga, kware (isindu, aluru), kobe, nyoka na mbuni ni wanyamapori hata wakizaliwa kwenye kizimba chako. Leseni yao hutolewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, baada ya kukaguliwa banda na kuonyesha kwamba uliwanunua kwa mfugaji mwenye leseni. Waliotegwa porini hawasajiliki. Daktari wa kaunti hana mamlaka ya kukuandikia hilo, na risiti ya soko haisaidii.

Ng'ombe wa kutoka Uganda kupitia Busia au Malaba anahitaji kibali cha kuingiza nchini kutoka kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, Kabete, kikiwa mkononi kabla hajavuka, pamoja na cheti cha afya cha Uganda. Ukishamvusha bila hivyo, hakuna ofisi ya kaunti inayoweza kumsafisha kwa kibali cha ndani.