Karatasi hukatwa, jasi huvunjwa: kukata bodi za jipsamu kwa ukingo safi

Bodi ya jipsamu ni jiwe laini lililovikwa karatasi pande mbili. Jiwe lenyewe, yaani jasi, ni dhaifu: kucha huacha alama juu yake, na kipande kisicho na karatasi huvunjika kati ya vidole kama chaki. Nguvu ya bodi iko kwenye karatasi. Ndiyo maana anayeishughulikia kama mbao, kwa msumeno mwanzo hadi mwisho, hupata vumbi tele na ukingo ulioliwaliwa, ilhali mwenye kisu na rula humaliza haraka na ukingo umenyooka. Karatasi hukatwa, jasi huvunjwa. Makosa karibu yote kwenye kazi hii hutokea mtu anapokata cha kuvunjwa au anapovunja cha kukatwa.

Itazame bodi kabla ya kuigusa kwa kisu. Upande wa mbele ni mweupe na laini, wa nyuma una rangi ya kijivu au hudhurungi na unakwaruza kidogo. Kingo mbili ndefu kwa kawaida zimepunguzwa unene upande wa mbele, ili tepu ya maungio na puti vikae humo bila kufanya tuta. Kingo fupi hazina mteremko huo. Jambo hili lina uzito wakati wa kupanga: ukingo uliokatwa uende kwenye kona au nyuma ya ubao wa chini ya ukuta, na ukingo wa kiwandani ukutane na mwenzake wa kiwandani. Ukingo uliokatwa ukiwekwa katikati ya ukuta, hata uwe safi namna gani, huhitaji puti pana zaidi ili usionekane.

Unene unaotumika sana kwenye kuta ni 12.5 mm. Bodi nzima ya 1200 × 2400 mm ya unene huo ina uzito wa kama kilo 25. Ibebe ikiwa imesimama kwa ukingo wake mrefu, maana ikibebwa bapa kwa ncha mbili hujivunja yenyewe, tena si pale unapotaka. Bodi iliyonyonya unyevu nayo isikatwe. Karatasi yake huchanika vipandevipande na jasi yake humegeka, kwa hiyo iache ikauke kabisa, ikiwa imelala juu ya sakafu iliyonyooka.

Vifaa vyenyewe

Kisu cha wembe unaobadilishwa ndicho kifaa kikuu. Toa wembe kama 15 mm tu. Ukizidisha unayumba, na mstari huyumba nao. Jasi humaliza makali upesi kuliko wengi wanavyodhani. Kisu kinapoanza kukwaruza badala ya kuteleza, badili wembe palepale. Wembe butu haukati karatasi, huivuta, na karatasi ya mbele ikishavutwa huacha manyoya yanayovimba mara yanapoguswa na puti au rangi. Kati ya gharama zote za ukarabati, hii ya nyembe ndiyo isiyofaa kubaniwa.

Rula ya T ya urefu wa 1200 mm hurahisisha mambo, lakini bapa lolote la alumini lililonyooka linatosha ukilishika vizuri. Ongeza tepu ya kupimia, penseli, msumeno mwembamba wenye ncha kali kwa ajili ya matundu, na tupa ya mbao au msasa mkavu uliofungwa kwenye kipande cha mbao. Alama ziwekwe kwa penseli. Wino wa kalamu hupenya tabaka za rangi na kujitokeza ukutani baada ya kazi kwisha. Vaa miwani na barakoa ya kuzuia vumbi. Grainda na misumeno ya umeme hukata, ndiyo, ila hujaza chumba unga mwembamba unaoingia mapafuni na kutulia kila mahali. Kwa mstari ulionyooka hazina faida yoyote juu ya kisu.

Mkato ulionyooka

Pima nafasi mahali pawili, juu na chini, kwa sababu kuta ni nadra kuwa sawasawa. Kutoka kwenye kipimo kidogo zaidi toa 3 hadi 5 mm. Pengo la milimita chache hujazwa na puti, lakini bodi iliyobana ikisukumwa kwa nguvu hupasuka pembe. Kwenye bodi inayofika sakafuni acha nafasi ya kama 10 mm chini yake, ili jasi isinyonye maji sakafu inapolowa. Ubao wa chini ya ukuta utaifunika.

Mkato huanzia upande wa mbele, siku zote. Weka rula kwenye alama, ikiwa juu ya kipande utakachotumia, ili kisu kikiteleza kiharibu kipande cha kutupwa. Vidole vya mkono unaoshika rula viwe mbali na ukingo wake. Bodi ikiwa imesimama, zuia ncha ya chini ya rula kwa kidole cha mguu uliovaa kiatu kigumu.

Sasa piga chale. Pitisha kisu mara ya kwanza kwa nguvu ya wastani, bila kusimama njiani, karatasi ikatike yote. Pitisha mara ya pili ndani ya mfereji huohuo, kisu kiingie 1 hadi 2 mm kwenye jasi. Inatosha. Anayechanja mara tano au sita kwa kawaida ana wembe butu au rula inayosogea, na kila chale inayotoka nje ya ile ya kwanza huacha uzi wa karatasi utakaochanika. Shika kisu wima ukikitazama kwa mbele. Kikilala upande, ukingo nao hutoka umelala.

Kuvunja hufuata. Chale lazima ifunguke, kwa hiyo bodi hukunjwa kuelekea nyuma, mbali na upande uliochanjwa. Bodi iliyosimama: shika kipande kidogo, weka goti nyuma ya mstari karibu na katikati, kisha vuta kwa ghafla huku goti likisukuma. Bodi iliyolala mezani: isogeze hadi mstari utokeze kidogo nje ya ukingo wa meza, halafu kandamiza kipande kinachoning'inia kwa tendo moja fupi. Ghafla ndiyo siri. Ukikunja polepole, ufa hutafuta njia yake ndani ya jasi na huweza kuuacha mstari.

Hapo vipande viwili hubaki vimeshikana kwa karatasi ya nyuma tu, kama bawaba. Vikunje hadi vifanye pembe mraba, kisha pitisha kisu kwenye mkunjo kutoka nyuma. Ndipo wengi huharibu kazi nzuri: wanavuta kipande badala ya kukikata, na karatasi ya nyuma huchunika ikiondoka na ukanda wa jasi. Kipande kikiwa kizito, mtu wa pili akishikilie, au acha karatasi ya kama 50 mm juu na chini bila kukatwa hadi mwisho, uzito usije ukaipasua wenyewe.

Lainisha ukingo kwa tupa, ukisukuma kutoka upande wa mbele kwenda nyuma. Ukirudi kinyume unainua karatasi. Ikiwa ukingo huo utakutana na mwingine uliokatwa, punguza ncha yake ya mbele kwa kisu, mteremko wa kama 3 mm, ili puti ipate pa kushika. Ukifika wakati wa kufunga, skrubu zikae kama 15 mm kutoka ukingo uliokatwa, maana hapo hakuna karatasi ya kuzuia jasi isimeguke.

Bodi zinazostahimili moto zina nyuzi za kioo ndani, hivyo hukataa kuvunjika kwa chale nyepesi. Ingiza kisu zaidi, na uvunje kwa nguvu zaidi. Bodi za saruji zinazowekwa bafuni ni kitu kingine kabisa na hazifuati mwongozo huu.

Vipande vyembamba, pembe na mapengo

Ukanda ulio chini ya 50 mm hauvunjiki vizuri kwa chale ya upande mmoja, kwa sababu hauna upana wa kushika wala uzito wa kusaidia. Chanja pande zote mbili, mistari ikikabiliana sawasawa, kisha uvunje juu ya ukingo wa meza kidogokidogo, au kwa koleo pana.

Mkato wenye umbo la L ndio unaowachanganya wanaoanza, kwani jasi haiwezi kuvunjwa ikaishia kwenye pembe ya ndani. Mguu mmoja lazima ukatwe kwa msumeno. Chagua ule mfupi: ukate hadi kwenye pembe, kisha piga chale mguu mrefu, vunja kuelekea nyuma na malizia karatasi. Pengo lenye pande tatu, kwa mfano la kupitisha boriti, hukatwa pande mbili sambamba kwa msumeno na wa tatu kwa chale. Msumeno usiipite pembe hata kidogo. Ule mkato wa ziada, hata uwe wa 5 mm, ni mwanzo wa ufa, nao hujitokeza kwenye rangi miezi baadaye wakati hakuna anayekumbuka ulipotoka.

Juu ya milango na madirisha, mara nyingi ni afadhali kufunga bodi nzima ikiziba sehemu ya uwazi, halafu kukata ukifuata fremu. Hapo ungio halitaangukia kwenye pembe ya mlango, mahali ambapo mitikisiko ya kufungua na kufunga hupasua puti.

Matundu ya swichi, soketi na taa

Zima umeme wa sehemu hiyo kwenye saketi yake, hakikisha kwa kipima umeme, na usukume nyaya ndani kabisa ya kisanduku cha swichi au soketi kilicho ukutani.

Kuhamisha vipimo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupima umbali wa kila ukingo wa kisanduku kutoka bodi ya jirani na kutoka dari, kisha kuuchora upande wa mbele. Ukichora nyuma, kushoto na kulia hubadilishana. Tundu lililo upande usio wake huwa limetokana na hilo. Ya pili ni kupaka chaki kwenye mdomo wa kisanduku, kuisimamisha bodi mahali pake na kuibonyeza. Alama hutokea nyuma. Toboa pembe zake nne kwa msumari mwembamba ili zionekane mbele, na uanzie hapo.

Chanja kwanza karatasi ya mbele kwa kisu kuzunguka mchoro wote. Kisha ingiza ncha ya msumeno ndani ya mstari, uusukume hadi utokeze, na ukate ukikaa upande wa kipande cha kutupwa. Chale ile ya awali ndiyo inayozuia karatasi isichanike kuelekea nje. Ruhusu 2 hadi 3 mm kila upande wa kisanduku, si zaidi, la sivyo kifuniko cha swichi hakitafunika tundu.

Tundu la duara huchorwa kwa bikari. Kwa taa nyingi za dari zenye kipimo kimoja, msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili huokoa muda. Uendeshe kwa kasi ndogo na shinikizo jepesi kutoka upande wa mbele, na uache uzito wa drili ufanye kazi. Ukiukandamiza, hupenya kwa kishindo na kumega jasi nyuma.

Kukata ukuta uliokwisha fungwa

Hapa hatari iko nyuma ya bodi. Tafuta nyaya na mabomba kwanza kwa kifaa cha kuyagundua. Nyaya zinazoingia kwenye swichi kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka hapo. Katika nyumba za zamani, hasa zilizojengwa au kukarabatiwa kabla ya miaka ya 1980 kumalizika, puti na mipako ya dari inaweza kuwa na asbesto. Usiikwangue wala usiikate kabla ya sampuli kupimwa.

Badala ya kuchoma msumeno kwa kina, chanja mstari uleule kwa kisu kando ya rula mara nyingi, hadi wembe upenye. Huu ndio mkato pekee wa kisu ambao jasi yenyewe hukatwa hadi mwisho, kwa vile hakuna nafasi ya kuikunja. Ni kazi ya polepole, lakini wembe uliotoka 15 mm hupenya bodi ya 12.5 mm na kutokeza kidogo tu.

Hata kama uharibifu ni tobo dogo lisilo na umbo, likate liwe mstatili: kipande cha pembe nne ni rahisi kulinganisha. Ukiweza, fikisha mkato katikati ya nguzo za fremu, yaani zile zinazoshikilia bodi kwa nyuma, kulia na kushoto, ili bodi ya zamani na kiraka vyote vipate pa kushika skrubu. Usipozifikia, pitisha nyuma ya tobo vipande viwili vya mbao vinavyozidi upana wake kwa 50 mm kila upande, na uvifunge kwa skrubu kupitia bodi iliyopo. Kiraka kiwe kidogo kuliko tobo kwa 2 mm kila upande. Punguza ncha za mbele za kingo zote, za kiraka na za ukuta, kisha ujaze mfereji huo kwa puti na tepu.