Aliyeanguka nyuma ya tuta: namna ya kuandaa mbio za motokrosi bila kumpoteza mtu

Katika motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye matuta ya kuruka, anayeanguka peke yake mara nyingi hutoka na mkono au mtulinga uliovunjika. Wa kuogopwa ni yule wa nyuma. Mtu amelala upande wa kutua wa tuta, anayemfuata hamwoni, anaruka, kisha anamshukia na pikipiki inayokaribia kilo 100 au zaidi. Kwa hiyo anayeandaa mbio pale Jamhuri, Nairobi, aanzie matutani kabla ya kuwaza vikombe.

Tembea njia yote kwa miguu siku moja kabla. Kila tuta ambalo ukisimama upande wa kupandia huoni ng'ambo yake linahitaji watu wawili: wa bendera, na wa kumkimbilia aliyeanguka. Wa bendera akae kando, mahali anapoona pa kutua na papo hapo anaonekana na wanaokuja. Ukimweka ng'ambo kule chini, atakayemwona tayari yuko hewani. Na usijaribu kuokoa posho kwa kumweka mmoja: akiona mtu kalala atakwenda kumwinua, na bendera ataondoka nayo.

Bendera ya njano ikipepea, hakuna kuruka wala kupita mwenzako. Magurudumu yavuke tuta yakigusa ardhi. Ipepee hadi mtu na pikipiki yake watoke njiani. Anayeruka chini ya njano aadhibiwe siku hiyo hiyo, hata kama ndiye anayeongoza na babake ndiye mfadhili. Majeruhi asipoweza kuhamishwa, toa nyekundu, mbio zisimame.

Udongo wa Nairobi una mambo yake. Kiangazi cha Januari na Februari vumbi hufunika bendera zenyewe, basi bowza, lori la maji, imwage maji jioni ya kuamkia mbio na tena kati ya mbio na mbio, kidogo kidogo. Ule udongo mweusi ukilowa sana huteleza kama sabuni. Gurudumu la nyuma likiteleza kwenye mpando, pikipiki huruka kiupande, na mwendo hautoshi kuifikisha ng'ambo. Ukiona hivyo, punguza urefu wa tuta au lifunge.

Usichanganye watoto wa pikipiki za cc 65 na wa 125. Mmoja anaruka pale ambapo mwingine anapanda polepole.

Kwenye ukaguzi, kataa helmeti ya boda. Inayofaa ni ya motokrosi, yenye lebo ya kiwango cha usalama kama ECE 22.06 na mkanda wa pete mbili. Iliyowahi kugonga chini kwa nguvu ikatupwe, maana povu gumu la ndani hubonyea bila ganda kuonyesha ufa. Kinga ya kifua na ya shingo zijaribiwe zikiwa zimevaliwa pamoja; zikisukumana, badilisha moja. Kisha pikipiki: aksileta ijirudishe yenyewe usukani ukiwa umekatwa kushoto kabisa na kulia kabisa, swichi ya kuzima injini ifanye kazi, spoki zisilegee, na ncha za usukani zizibwe. Bomba la usukani lililo wazi hutoboa tumbo.

Ambulansi ziwe mbili. Ikiwa ni moja na imeondoka na mgonjwa, mbio husimama hadi irudi. Njia yake isikatize ile ya mbio, na hospitali ijulishwe mapema. Hospitali ya Kenyatta si mbali na Jamhuri, ila msongamano wa Ngong Road hauna huruma. Helmeti ya majeruhi isivuliwe ila kama hapumui vizuri. Hapo mmoja ashike kichwa na shingo visitikisike, mwingine avue.

Aliyezimia, hata kwa sekunde chache, amemaliza mbio siku hiyo. Atasema yuko sawa. Pikipiki nyingi za mbio hazina ufunguo wa kumnyang'anya, kwa hiyo weka mtu wa kuilinda.